Kipande cha Karibu na Ukuta

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta una afya njema, na kwamba goti la mama limepungua uvimbe tangu alipobadilishiwa dawa. Mwambie sijaacha kuvaa soksi. Huku kwa mjomba hatujambo. Mjomba bado anakohoa kila akicheka, na kwa kuwa anacheka sana, anakohoa sana.

Kuna habari ambayo sikutaka uisikie kwa mtu mwingine. Pete ya Mwalimu imepatikana. Ilikuwa shambani nyuma ya nyumba yake, kama ulivyosema tangu mwanzo, kwenye kipande cha karibu na ukuta wa jirani. Niliichimbua mimi, Alhamisi iliyopita, saa nne asubuhi. Haikuwa chini sana, ni kina cha kiganja tu, na udongo ulikuwa umeziba tundu lake.

Mwalimu alipoiona alikaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni. Alisema marehemu mumewe alimvisha yeye akiwa bado na vidole vilivyojaa, na uzee ulipomkondesha ndipo ikaanza kumponyoka. Kisha akakuulizia wewe. Alitaka kujua kama umepata kazi. Unanijua, hata nikipewa nafasi ya kusema huwa naichelewa. Mjomba ndiye aliyemwambia kwamba zahanati ilikukataa baada ya kuuliza kwa nini uliondoka kazini kwake.

Siku zile mimi na mjomba tulipokuwa tukitafuta wewe ulikuwa ndani na kazi zako, kwa hiyo nitakueleza tulivyofanya. Mashine ya mjomba ya kutafutia vyuma ina sahani mwishoni mwa mpini. Unaipeleka kushoto na kulia, polepole, karibu iguse majani, nayo ikipita juu ya chuma inalia. GPS niliivaa shingoni. Kila ninapopita inachora mstari wa kijani kwenye kioo chake, na mahali ambapo hatujapita panabaki peupe. Mashine ikilia nabonyeza kitufe, pointi inahifadhiwa na namba yake, halafu naandika tulichokichimbua. Tulipata pointi themanini na sita: misumari, vifuniko vya chupa, kijiko, nusu ya kufuli. Mjomba husema kwamba bila GPS mtu hurudia mahali anapopapenda na kuparuka asipopapenda.

Siku ya tatu jioni mjomba alimwonyesha Mwalimu kile kioo. Shamba lote lilikuwa la kijani, halina hata kidoa cheupe. Akamwambia kwa fahari kwamba hakuna hatua iliyoachwa, na kama pete haikupatikana basi haimo shambani. Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Mwalimu hakutamka neno wizi. Alisema tu kwamba ndani ya nyumba mlikuwa wawili, na kwamba ingekuwa vizuri upumzike kwenu kwa muda. Ulifunga mzigo wako kabla ya chai ya asubuhi.

Sasa pete imeonekana, na mjomba ameshapata maelezo. Anasema ilikuwa imesimama kwa ubavu, na mashine haisikii vizuri kitu kilichosimama hivyo, tena mvua ya wiki ile ndiyo iliyoilaza. Mwalimu ameyakubali. Majirani wameyakubali. Wananisifu kwamba nina mkono wenye bahati, na mjomba amewaambia wateja wawili kwamba Sisimizi wake ananusa dhahabu. Ningeweza kuiacha habari iishie hapo, dada, nawe ungerudi kazini bila kujua zaidi.

Lakini haikusimama kwa ubavu. Niliikuta imelala bapa.

Siku ile ya tatu mjomba alikwenda mjini kutafuta betri, akaniachia kipande cha mwisho. Juu ya ukuta wa jirani walikuwapo mafundi wanne wakipiga lipu. Nilipoanza tu, mmoja akauliza kama napiga pasi majani. Mwingine akasema wana mashati pia, niwapitishie. Wa tatu akataka kujua redio yangu inashika stesheni gani. Hawakuwa wabaya, naamini wewe ungewajibu wakacheka wenyewe. Mimi nilihisi masikio yanawaka. Nikarudi nyuma ya banda la kuni, nikakaa huko hadi waliposhuka kula.

Nilijua hawatakawia. Nikazima mashine, nikaitia begani, nikapita kile kipande mbiombio, juu na chini, juu na chini, GPS ikiwa shingoni. Mistari ikajichora. Mjomba aliporudi alikuta kijani kitupu, akanipongeza.

Walipomaliza ukuta na kuondoka, nilimwomba mjomba mashine nikijifanya nataka mazoezi. Mashine ililia juu ya pete kwenye mstari wa pili.

Jana niliwaambia mjomba na Mwalimu, mezani kwa Mwalimu. Sauti yangu ilikuwa ndogo hata Mwalimu akaniomba nirudie, kwa hiyo nilikiri mara mbili. Mjomba hakucheka wala hakukohoa. Alifungua kumbukumbu za GPS, na saa zilikuwamo humo tangu siku ile: mistari mingine kila mmoja dakika ishirini, ile ya kando ya ukuta yote pamoja dakika nne. Akasema hata yeye aliangalia rangi tu. Mwalimu aliingia chumbani akakaa kitambo, akatoka na barua ya kupeleka zahanati. Imo ndani ya bahasha hii. Ameandika kwamba alikukosea, na ametia sahihi jina lake lote. Kama ungependa kurudi kwake badala ya zahanati, amesema atakuja kukuomba mwenyewe, na sijui utamjibu nini.

Kwangu kuna jambo moja ambalo barua yake haiwezi kulisahihisha. Asubuhi ile ukiwa na mzigo mlangoni, hukumuuliza mjomba wala Mwalimu. Ulinitazama mimi ukaniuliza kama tulipita kila mahali, kweli kila mahali. Nami nikatikisa kichwa kukubali, nikakupokea begi, nikakusindikiza hadi barabarani.

Hapana, dada. Hatukupita.

Msalimie mama, na umsomee barua hii yote usiruke kitu. Mjomba anakusalimu. Nitakuja Jumamosi kwa basi la kwanza. Usipotaka kunipokea, nitakaa uani mpaka basi la jioni.

Mdogo wako,
Sisimizi