Kidaka Kilichozibwa

4 Juni

Mama yangu,

Shikamoo. Miguu inasemaje? Dada anakupikia vizuri, au bado anasahau chumvi? Sisi wazima, ila leo mwenzako nimeishiwa nguvu.

Paroko alinipa kazi ya kukarabati kanisa letu. Kuta za wamisionari, mawe kwa chokaa, nene kuliko kitanda changu, hazina neno. Unyevu ulikuwa pale tu kwenye beseni la ubatizo, ambapo mtu alipiga saruji juu ya chokaa, maji yakakwama ndani. Nikaibandua. Nyuma yake kuna kidaka cha ukutani chenye upinde uliochongoka kama madirisha, na ndani yake kisanduku. Nikajua ni vyombo vya misa.

Mama, ni mifupa. Ya mtoto mchanga.

Polisi wamekuja, wanauliza fundi wa zamani alikuwa nani. Ni marehemu baba, nami bado sijawatajia jina lake. Aliwahi kukuambia chochote?

Mwanao

11 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Miguu ipo. Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikashindwa kukaa.

Mtaje baba yako bila hofu. Mlizaliwa wawili. Mwenzako alitangulia, akalia mara moja, akanyamaza. Hakuwahi kubatizwa, na paroko wa wakati ule akasema azikwe nje ya uzio. Baba yako hakubishana. Aliondoka na kisanduku, akarudi ana saruji hadi kwenye nyusi. "Nimemweka ndani," akasema, "karibu na maji." Hatukulizungumza tena.

Wape polisi barua hii.

Mama yako

19 Juni

Mama,

Sijui hata nianze na salamu gani. Nimebatizisha wanangu wanne pale, hatua mbili kutoka kwake! Tukicheka, tukipiga picha!

Polisi wameridhika. Paroko alisoma barua yako, akavua miwani. "Tutamzika kwa misa," akasema, "makaburini, ndani ya uzio. Msalabani tuandike nani?"

Sijui hata kama ni kaka au dada.

Mwanao

25 Juni

Mwanangu,

Pole kwa mshtuko, baba. Mimi nilishauzoea, nikasahau kwamba wewe utaupata wote kwa siku moja.

Ni kaka. Jina analo, tulilijua sisi wawili tu. Sitaliandika hapa. Mwambie paroko anisubiri. Dada yako amenikatia tiketi ya basi la Jumamosi.

Nakuja kumwita mwenyewe.

Mama yenu