Kilichochukuliwa na Joto

Kisumu, 6 Machi 1989

Mwanangu Adero,

Hapa tu wazima, na mama yako anakusalimu. Kampala mnaendeleaje, na mjukuu wangu Whitney?

Badiliko la kujiendea ni lile ambalo, lisipozuiwa, huendelea bila kusukumwa, wala halirudi lenyewe lilikotoka. Joto kuingia katika dawa baridi ni badiliko la namna hiyo. Chupa ya chai niliyotia insulini, dawa ya kisukari ya Whitney, pamoja na barafu hailizuii, hulichelewesha tu. Kwa kuwa huko mmeikosa, nimempa Khaemba, dereva wa basi, ailete. Ipokee mapema.

Baba yako,
Ondiek

Namuwongo, Kampala, 10 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Tu salama, ila Whitney ana kiu isiyokatika. Anasema, "Babu ni mwalimu, mbona dawa yake inachelewa shule?"

Basi lilikwama mpakani siku mbili. Khaemba aliona barafu imeyeyuka, akahofia dawa italowa; akavitoa vichupa vyake, akavifunga kwa sweta lake, akaviweka kando ya injini vikauke. Alinikabidhi kwa fahari, vikiwa moto. Mbambu wa buchani amenipa nafasi kwenye friji: "Ilale na maini yangu, itapona." Sasa ni baridi kabisa. Imepona?

Binti yako,
Adero

Kisumu, 14 Machi

Mwanangu,

Salamu, na poleni. Yai lililochemshwa ukilitia mtoni litapoa, halitakuwa bichi. Baridi huondoa joto, hairudishi umbo ambalo joto limelivunja. Lakini sijui injini ilikuwa na moto kiasi gani, hivyo siwezi kusema kama yai letu lilichemka au lilipashwa tu. Dawa ikiwa na ukungu, itupe. Ikiwa angavu, hilo si uthibitisho kuwa ni nzima. Maduka ya hapa yameishiwa, yanangoja shehena. Khaemba usimlaumu.

Baba yako,
Ondiek

Namuwongo, 17 Machi

Baba,

Shikamoo. Sitauliza habari za nyumbani leo.

Dawa ni angavu. Hospitali haina nyingine, wala vya kupimia sukari. Tangu juzi namchoma Whitney kipimo chake cha kawaida, na kiu haijapungua. Leo Mbambu alimtania, "Bibi arusi wa friji, amka!" Hakucheka.

Nikizidisha, na dawa ingali hai, sukari itashuka imwangushe. Nisipozidisha, na dawa imekufa, namchoma maji matupu. Kitu pekee kinachoweza kuipima dawa hii ni mwili wa mwanangu. Nakuuliza wewe mwalimu, maana baba atanifariji tu: nizidishe, au ningoje?

Binti yako,
Adero