Bibi Harusi Ataingia na Wimbo wa Kushindwa

Mpendwa Mama Emmanuella,

Naomba msaada wako, na nakuomba usicheke kabla hujafika mwisho, kwa sababu harusi ni Jumamosi na mimi ndiye nitakayeiharibu.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, bado nasoma, sipendi kuongea mbele ya watu, na kanisani napiga sintetizeri kwa sababu anayepiga sintetizeri haombwi kuongea. Nilipokuwa mdogo kaka yangu Ambroise aliachiwa kunilinda baada ya shule, naye akawa ananipeleka mtaa wa Kikula, kwa Papa Yassine, kwenye chumba chenye televisheni nne na mashine za zamani za michezo ya video, zile za kaseti ambayo lazima uipulize vumbi kwanza, ananikalisha juu ya kreti ya bia na kitabu changu, anasahau kama nipo. Sikucheza hata siku moja, Mama, lakini nilisikiliza, na muziki wa kule, ile milio michache inayokimbizana, uliniingia kabla sijajua noti ni nini: wa kuruka mashimo, wa kuogelea chini ya maji, na ule wa taratibu unaopigwa mchezaji akimaliza maisha yake yote ya mchezo, ameshindwa. Huo wa mwisho niliupenda kuliko yote. Siku hizi chumba kimefungwa, Papa Yassine anauza paneli za jua, Ambroise yuko Kolwezi, vijana wanacheza kwenye simu bila sauti, na mimi nikiukumbuka muziki ule kifua kinabana kama nimefiwa, jambo ninaloona haya kulisema, maana nani anafiwa na mashine?

Sasa Jumapili moja wakati wa sadaka foleni ilikuwa ndefu, nyimbo zikatuishia, vidole vyangu vikaenda vyenyewe, nikaupiga ule wa kumaliza maisha, polepole sana, kwa sauti ya ogani. Mama mmoja akalia. Baada ya misa Papa Séraphin, kiongozi wa kwaya, akanijia na daftari lake.

"Mutoto yangu, hii wimbo inatoka wapi?"

Nikainama kuchomoa waya wa sintetizeri, naye akaendelea.

"Ni nkambo yako njo alikufundisha, ee?"

Nikaitikia kwa kichwa. Basi, kosa langu ni hicho kichwa. Nkambo ni bibi yangu, Philomène, watu wakaenda kumpongeza, naye badala ya kukataa akawaambia, "Ee, tulikuwa tunaiimba zamani, mbele ya mvua." Papa Séraphin akautungia maneno, "Mlango wako uko wazi, Bwana, naingia," na Élise, soprano wetu anayeolewa, ameuchagua aingie nao kanisani.

Shida ni hii, Mama. Kwa Papa Yassine muziki huo ukianza, chumba kizima kinamfokea aliyeshindwa, "Toka! Leta manette!", yaani aachie kile kidude cha mkononi mwingine acheze. Hakuna aliyefikiria, mdomo ulifunguka wenyewe. Na bwana harusi ni Rolly, aliyekulia chumbani mle, anasali kanisa lingine, hajausikia wimbo wetu, na vijana wote watakaosimama naye ni wa chumba kile kile. Élise atatokea mlangoni na shela yake, mimi nitaanza kupiga, na wao, Mama, na wao! Nimwambie nani? Au niugue tu Jumamosi?

Mimi niliyejificha nyuma ya sintetizeri,
Likasi

*

Binti yangu wa sintetizeri,

Nilicheka, tena kabla ya mwisho. Unisamehe. Nimemaliza, sasa nisikilize.

Usiugue. Ukiugua, Papa Séraphin ataupiga mwenyewe, vijana watafoka vilevile, na Élise hatapata hata mtu mmoja wa kumweleza kwa nini anafukuzwa kwenye harusi yake.

Kanisa hujalitukana. Yule mama alilia kwa sababu ulipiga ukiwa na huzuni ya kweli, naye akaisikia. Kosa lako ni kuitikia kwa kichwa, halafu kuendelea kuitikia mazoezi baada ya mazoezi, huku mwenzako anashona gauni. Kuona haya hakukatazwi. Kumlipisha Élise haya zako, hapana.

Nkambo Philomène mwache kabisa. Amesema aliimba kabla ya mvua, basi aliimba. Kuna mvua nyingi zilizonyesha wewe hujazaliwa.

Rolly naye usimwendee kwanza. Najua unalipanga hilo, kwa kuwa yeye ataelewa upesi na hutahitaji kueleza sana. Lakini Élise asisikie habari ya harusi yake kutoka kwa watu wanaoshika matumbo kwa kucheka. Papa Séraphin atafuata baada yake. Atakasirika kama dakika kumi, kisha, nawajua watunzi, atakuuliza kama unazo nyingine.

Na hicho kifua: hukufiwa na mashine. Unaukosa mchana ule ambapo kaka yako alikuwa hatua mbili kutoka kwako na hakuna aliyekudai neno. Mpigie Ambroise, weka simu juu ya sintetizeri, mpigie ule wa chini ya maji. Usimweleze chochote, atajua.

Kwa Élise nenda leo, ukitoka shule, na sare yako hiyohiyo, maana ukipita nyumbani kubadilisha nguo utapata kitabu cha kusoma. Mwite pembeni, usianze na televisheni nne. Sema hivi, na lile "Ya" la kumheshimu dada mkubwa: "Ya Élise, wimbo wako wa kuingia unatoka kwenye mchezo wa video, marafiki wa Rolly wanaujua, na mimi nilinyamaza." Halafu simama hapo hapo. Akicheka, akilia, akichagua wimbo mwingine au akiushikilia huohuo kwa ukaidi, ni harusi yake. Wewe utapiga atakachokuambia.