Bendi Moja, Majina Matatu

Jumatatu, 4 Novemba
Tumo! Watatu wote! Kipengele cha jazi kimerudi kwenye tuzo za mji, baada ya miaka ya kuambiwa jazi haina watu. Sharti lao ni moja: washindani wasipungue watatu, la sivyo kinafutwa. Na bendi ya jazi inayorekodi hapa mjini ni moja tu — sisi. Basi kila mmoja akaingiza wimbo kwa jina lake. Kaka na piano, mimi na besi, Kelele na dramu. (Kelele hasemi kitu, ndiyo maana tunamwita hivyo.) Wanaopiga kwenye nyimbo zote ni sisi sisi. Waandaaji wanajua, wamefumba macho.

Tumekubaliana kombe ni la kaka. Wimbo wake kauanza baba alipofariki, kaubomoa na kuujenga sijui mara ngapi. Wangu na wa Kelele ni wa kujaza nafasi. Wangu tuliurekodi mchana mmoja, kaka akitazama saa.

Mama kasema ashinde yeyote, kombe litakaa juu ya kabati lake.

Jumatano, 6 Novemba
Mtangazaji wa redio katutia moto. Kapiga nyimbo zote tatu, kisha kasema wangu ndio wenye roho. Wa kaka, eti, "umevaa tai". Nilicheka! Peke yangu, jikoni. Halafu nikaona aibu, ila furaha haikuondoka. Nilifurahi, basi.

Mazoezini kaka hakuitaja redio. Wimbo wangu kaupiga kwa mkono wa kushoto tu. Wa kulia ulikaa mfukoni.

Jumamosi, 9 Novemba
Wifi kapiga simu: kaka halali, anataka kujitoa. Akijitoa tunabaki wawili, na kipengele kimekwisha. Vita vya panzi, furaha kwa kunguru.

Nikamfuata kazini, duka la rangi. Alikuwa anakoroga ndoo ya kijani.

— Kaka, nijitoe mimi.
— Ukijitoa wewe si kinakufa vilevile? Hesabu hujui?
— Basi unataka nini?

Akakoroga weee.

— Wimbo wako ungeupiga vibaya kidogo, ungekufa?

Mteja akaja kuuliza bei ya brashi, nikaondoka. Njiani nililia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Na yeye mwenyewe alipiga kwenye wimbo huo! Tena alipiga vizuri mno.

Alhamisi, 14 Novemba
Leo ndio mwisho wa kujitoa. Simu ya kaka inaita, haipokelewi.

Nimemwomba Kelele aseme naye. Jibu lake ndiyo sentensi yake ya kwanza wiki hii: ndugu wakigombana, yeye anashika jembe akalime. Akarudi kukaza ngozi za dramu.

Halafu waandaaji nao! Eti jazi itatangazwa wakati wa matangazo ya biashara, kamera zikiwa zimezimwa. Tumepigania miaka yote hii, tunapewa muda wa watu kwenda chooni! Nilitaka kumpigia kaka tuwatukane pamoja, kama zamani. Nikakumbuka hapokei.

Ijumaa, 15 Novemba
Nyuma ya jukwaa. Naandikia gotini.

Kaka kaja! Hakujitoa. Kavaa tai — makusudi, namjua. Mimi hajanisalimia.

Mshindi anapiga wimbo wake papo hapo. Fundi wa sauti kaja kutuuliza:

— Wakubwa, bendi ni hii hii moja. Nipange vyombo kwa wimbo upi? Kupanga upya hakuna muda.

Kelele akatazama dari. Nikafungua mdomo niseme wa kaka. Kaka mwenyewe akaniwahi.

— Besi iwe mbele.

Fundi akaenda. Wimbo wa kaka unaanza na piano. Wa Kelele, na dramu. Unaoanza na besi ni wangu peke yake.

Nimemgeukia kaka. Anatazama pazia, taya limekaza. Sijui nafasi hii kanipa au kanisusia.

Huko nje taa za kamera zimezimwa. Watu wanainuka kwenda kununua soda. Mshereheshaji kataja jazi, nasikia bahasha inachanwa kwenye maikrofoni. Kelele keshashika vijiti.

Mkono wa kulia wa kaka bado uko mfukoni —