Nyumba Thelathini na Mbili Zenye Bomba la Moshi

Jumamosi. Upepo umevuma Nzuguni tangu asubuhi, vumbi limeingia hadi kwenye chai. Sina hali nzuri, wala sitajisingizia kuwa nayo.

Leo ilikuwa Siku ya Wazazi shuleni. Mimi ndiye mwalimu wa sanaa, maana yake ndiye ninayenyang'anywa kipindi kila hisabati ikikosa muda. Madam, mkuu wetu wa shule, hakumbuki kuwa nipo mpaka kuta zihitaji kupambwa.

Wiki mbili zilizopita alinipa karatasi aliyoitoa mtandaoni: nyumba yenye bomba la moshi, mti wa matufaha, theluji juu ya paa. Nitoe kopi thelathini na mbili, darasa la tatu wapake rangi. Mlango lazima uwe wa bluu.

"Mawazo ya masomo yamejaa mtandaoni, Mwalimu," alisema. "Usijichoshe."

Theluji. Dodoma.

Ila niseme ukweli, nami sikuwa na wazo. Nilikuwa nimeshinda kwenye kurasa hizohizo, bata wa pamba na vijiti vya aiskrimu, kazi za watu ambao hawajawahi kugawa brashi nne kwa watoto thelathini na wawili. Nikawa nanakili tu, kama wanafunzi wavivu ninaowasema.

Wazo alinipa Mwanaisha. Ana miaka tisa, kwao ni Kondoa. Rangi zilipokwisha katikati ya kipindi alinyoosha mkono, akasema bibi yake hupaka ukuta kwa udongo mwekundu, na hata mawe ya kule yana michoro ya watu wa kale, myekundu vilevile.

"Kwani hapa udongo haupo, Mwalimu?"

Upo. Tulitoka wote. Tulichota mwekundu uwanjani, mweupe korongoni, tukaomba mkaa jikoni, tukachanganya na uji mwepesi. Mwanaisha alichora nyumba ya bibi yake, fupi, paa bapa, na mbuzi juu ya paa kwa sababu, alisema, mbuzi huyo hasikii.

Picha hizo tulizibandika ukutani. Jana Madam alizibandua zote, akaleta rangi nyingine watoto wamalizie zile kopi. "Wazazi wanalipa ada, halafu tuwaonyeshe matope?"

Nikajibu, "Sawa, Madam." Nikamsaidia kuzibeba hadi stoo. Mwanaisha alikuwa mlangoni, akaniuliza yake ilikosewa wapi. Nilimwambia zitabandikwa baadaye, nikapita.

Basi leo zile nyumba za kopi zilijaa ukutani, zimefanana kama vidonge, bila majina, maana eti majina yanaharibu mpangilio. Baba mmoja mwenye tai, mtu wa wizarani, aliuliza ya binti yake ni ipi. Mtoto alitazama, akaonyesha moja, akahamia nyingine, kisha akaanza kulia.

Nilikwenda stoo. Sikuomba ruhusa. Nilizipanga za udongo juu ya madawati barazani, kila moja na kijiwe chake ili upepo usizichukue. Watoto walianza kuwavuta wazazi wao. Baba yake Mwanaisha, anayeuza vitunguu sokoni, alisimama mbele ya ile ya mbuzi muda mrefu.

"Hapa ni kwa mama," alisema taratibu. Hakuuliza nani kachora.

Haikupita robo saa, Madam akawa ameshika kipaza sauti, akiwaeleza wageni kuwa shule yetu inathamini ubunifu wa asili. Uso mkavu kabisa. Nilimdharau kwa moyo wangu wote.

Kisha akanitaja. Kazi ya mwalimu wetu wa sanaa, alisema, wazo lake mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Nikainamisha kichwa kidogo, nikasema asante.

Mwanaisha alikuwa mstari wa mbele. Alipiga makofi kuliko wote.

Jumatatu nitalieleza darasa zima wazo lilikuwa la nani. Hilo ni rahisi, darasani nasikilizwa. Je, nitaweza kulisema na mbele ya Madam?