Nani Kakufundisha Maua?

Baba mtoto,

Sisi wazima, ila mwanao anaota meno na mimi silali. Lile ua lililokuwa linanyauka dirishani nimelihamisha kama ulivyoniagiza: kopo kubwa kidogo tu kuliko la kwanza, mizizi iliyojisokota nikaifungua taratibu, kisha nikaliweka kivulini. Limechipua.

Nilipomwambia Mama kuwa ni wewe uliyenielekeza, akacheka: “Si huyuhuyu aliyemwagilia maua yangu ya plastiki? Haya, huko kapata mwalimu!”

Mimi sikucheka. Huko ulikwenda kuchomelea mageti, si kulea maua. Nakupenda, lakini sikuzaliwa jana. Huyo mwalimu ni nani?

Ua limeshahama. Mimi na mwanao hatujahama bado. Tunangoja jibu lako.

Mkeo, mpaka utakapojibu