Nyayo kwenye Njia ya Palahala

Jumanne, kambini porini, nyuma ya Likawage. Ukungu asubuhi, jua kali mchana, upepo hakuna. Nina hasira tangu nilipofungua macho.

Leo tena sikuona palahala. Nyasi zimeniona, miba imeniona, mbung'o wameniona na kuninywa damu hadi nyuma ya masikio. Palahala peke yao ndio hawataki kuonana na mimi.

Naandika kwa sababu sina mtu wa kumnung'unikia. Mwenzangu Selemani amechoka kunisikiliza, na kusema kweli hata mimi nimechoka kumsikiliza yeye. Herufi nilifundishwa na mapadri kwa masika mawili, kisha nikatoroka, kwa hiyo atakayesoma asinicheke.

Jambo lenyewe ni hili. Mzungu wa shamba la pamba ninakofanya kazi ana wageni wanaokuja kwa meli, na wageni hao wanataka kuwinda. Nyama hawana haja nayo. Wanataka pembe, zile ndefu za dume la palahala, zinazopinda kurudi mgongoni kama mundu. Pori hili zamani lilikuwa la watu. Sasa tumeambiwa ni la Serikali, na mwenyeji akichimba shimo la mtego au akitandaza wavu anatiwa mnyororoni. Lakini mwezi ukiandama, wageni watafunguliwa pori, na lazima mtu ajue mapema wanyama wanalala wapi, wanakunywa wapi, wanapita wapi.

Mtu huyo ni mimi.

Nilijiponza kwa mdomo wangu. Nilijisifu kule shambani kwamba kwetu Unyamwezi nilikuwa nafuata nyayo tangu sijaota ndevu. Nyapara Feruzi akasikia. Ni mtu wa Kivinje, kanzu yake safi hata siku ya vumbi, na masikio yake marefu kuliko kiboko chake. Aliniita kando, akanieleza kwamba wageni wakimaliza kuwinda wataondoka na msafara kwenda Tabora.

"Waonyeshe palahala," aliniambia, "nami nitakuweka mbele ya wapagazi wote. Usipowaonyesha, pamba yako inakungoja."

Tabora. Kutoka Tabora hadi kwetu natembea nimefumba macho.

Niliondoka nyumbani na mzigo wa pembe za ndovu begani, nikidhani nitarudi kabla ya kulima. Nikafika pwani, nikaugua, wenzangu wakarudi bila mimi. Nilipopona nikakamatwa njiani kama mtu asiye na mwenyewe, nikapelekwa kwenye pamba. Mke wangu Nyamizi nilimwacha na mtoto wa kike mgongoni. Alikuwa bado hajasimama, yule mtoto. Sitaki kuandika habari zao nyingi, nikianza sitamaliza.

Nirudi kwenye palahala.

Tulipofika hapa nilidhani kazi ni ya kitoto. Liko bonde lenye maji yasiyokauka hata kiangazi. Juu yake uko udongo mweupe wa chumvi, ambao wanyama wameulamba mpaka wameufanya mapango. Kati ya chumvi na maji ipo njia yao, imezama ardhini kama mfereji kwa kukanyagwa tangu enzi za mababu. Nilipoiona nilicheka peke yangu. Nikamwambia Selemani hapa hata kipofu angeweza kuwaongoza wageni.

Ila mavi tuliyoyakuta yalikuwa makavu, yanavunjika mkononi kama mkate wa zamani. Nikasema wamekwenda matembezi, watarudi.

Hawakurudi.

Na Selemani hakunisaidia kitu. Selemani ni Mngindo wa hapahapa Likawage, amepewa kazi ya kuniongoza kwa kuwa pori hili analijua. Ni mtu mwema, mcheshi, na anajua kupakua asali bila kuumwa. Lakini tangu tuanze, kila tunapoikaribia ile njia ya chumvi lazima jambo litokee. Mara ya kwanza kigogota alilia kushoto kwetu. Selemani akasema tukiendelea mtu atakufa. Sikubishana, maana hata kwetu ndege akilia vibaya msafara mzima unaweza kutua mizigo. Siku iliyofuata kigogota akalia tena kushoto. Kisha mwiba ukamwingia mguuni, mwiba ambao mimi sikuuona. Kisha akaona nyuki, na Mngindo akiona nyuki hana mzungu wala nyapara, tukashinda tukila asali hadi tumbo likanisokota.

Nilimuuliza kama ndege wa nchi hii wana upande wa kulia. Akacheka, akasema, "Ninyi Wanyamwezi mmezoea mizigo kichwani, hamtazami juu. Tuachieni sisi ndege wetu."

Jana nikamwambia kesho naenda peke yangu, na kigogota alie hata ndani ya sikio langu. Safari hii hakucheka. Alichokoa moto kwa kijiti, akasema nitapotea. Nikamjibu kwamba nimekwisha kupotea, tangu siku nilipofika pwani.

Leo nimetoka Selemani akiwa bado amejifunika. Ukungu ulikuwa mzito, majani yananilowesha hadi kiunoni. Nikashuka moja kwa moja mpaka pale njia ya palahala inapokata tope kabla ya maji. Tope ni zuri, halisemi uongo. Nikainama.

Alama ya kwato hata moja haikuwapo. Palikuwa na miguu ya watu.

Si ya mtu mmoja, wala ya mwizi wa nyama anayepita kwa ncha za vidole. Watu wengi, mstari mmoja, wote wameelekea kaskazini. Visigino vimezama, maana yake wamebeba mizigo. Kuna miguu mipana ya wanawake. Kuna mzee, kando ya mguu wake wa kulia kitundu cha mkongojo kila hatua. Kuna nyayo zilizokwisha kukauka na kupasuka, juu yake kuna za jana, na juu ya za jana kuna za alfajiri hii, maji yalikuwa bado yanachuruzika kuingia ndani. Wachache walikuwa wamerudi kusini, na hao miguu yao ilikuwa myepesi. Mizigo wameiacha huko walikokwenda.

Atakayesoma atadhani niliogopa. Sikuogopa. Nilikasirika, kama mtu aliyekuta mbuzi wa jirani ndani ya mtama wake. Kumbe ndiyo maana! Mimi nalala na mbung'o, nahesabu mavi, nanusa upepo, na huku nchi nzima inapita katikati ya wanyama wangu. Palahala gani atakuja kulamba chumvi mahali penye msafara?

Nilizifuata zile za alfajiri. Kati yake palikuwa na mguu mdogo sana, wa mtoto, kidole kikubwa kimetazama nje. Unatembea hatua chache kando ya mguu wa mwanamke, kisha unapotea, na mguu wa mwanamke unazama zaidi. Mbele kidogo unatokea tena. Mtoto anachoka anabebwa, anachoka kubebwa anashuka.

Niliwakuta kwenye mapango ya chumvi wamepumzika. Waliponiona wakavuta mizigo yao karibu. Nikamwamkia mama mmoja wa makamo aliyekaa mbele, amevaa kaniki, kikapu cha mtama kando yake. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe wa nani?"

Nikasema mimi wa pamba. Akacheka, meno yake machache. "Na sisi je? Sote wa pamba."

Akaniambia wametoka upande wa Nyangamara, wanakwenda Rufiji kuchukua maji. Nikamuuliza kama kwao mito imekauka. Akasema ni maji ya dawa, ya shamba. Ukinyunyiza, nguruwe haingii na ndege hatui. Wanaume wao wanapelekwa kwenye pamba, hakuna wa kulala kwenye dungu kulinda, nguruwe wamemaliza muhogo mpaka mizizi. Kijana aliyekaa nyuma yake akasema taratibu, "Na mengine." Yule mama akageuka kumtazama, kumtazama tu, na kijana akaanza kukaza kamba ya mzigo wake ambao ulikuwa umekwisha kukazwa.

Barabara kubwa hawapiti, alisema, kwa sababu ina askari, na askari akiona watu wanakwenda pamoja anauliza maswali.

Mtoto alikuwa amelala mapajani mwake. Mguu umetokeza kwenye nguo, tope limekauka, kidole kikubwa kimetazama nje.

Nilipoondoka akanipa mahindi ya kuchoma. "Ukitaka, twende," akasema. "Maji hayamuulizi mtu kabila lake."

Nikashukuru, nikarudi kambini nikitafuna mahindi yao na kuwalaani.

Selemani alikuwa amepika. Tangu tufike hapa hajawahi kupika kabla yangu. Akanisogezea maji ya kunawa, akasema bila kuinua uso, "Umewaona."

"Nimewaona. Na kigogota wako?"

"Kigogota alilia kweli," akasema. "Ile siku ya kwanza."

Nilitaka kumpiga. Nikacheka, hasira ikaharibika. Akaniambia mkewe mwenyewe alipita njia ile juzi, na mama mkwe wake. Hakuniomba kitu. Alisema tu kwamba nikimwambia nyapara wanyama wamehama, nyapara ataniuliza wamehamishwa na nini, maana hakuna mnyama anayeacha maji na chumvi kwa kupenda. Na mimi nikijibu lile moja, askari watajua mengine yote.

Nilijua hayo kabla hajasema. Ndiyo sababu nilikuwa nimelaani njia nzima.

Nilidhani nina siku mbili tatu za kufikiri. Sikuwa nazo. Alasiri nyapara Feruzi akatokea na mtu wake nyuma amebeba kiti. Akakaa, akajifuta shingo, akauliza palahala wako wapi.

Neno lilikuwa mdomoni mwangu tayari. Lilikuwa fupi: watu. Ningelisema, ningekuwa mbele ya wapagazi. Ningeiona Tabora.

Nikasema, "Wamehama, bwana. Wamekwenda upande wa pwani."

"Kwa nini?"

"Chumvi imekwisha ladha."

Hata mimi niliposikia nilijionea haya. Nyapara alinitazama kama mtu anayetazama sufuria iliyotoboka. "Babu zao wameilamba," akasema, "baba zao wameilamba, leo wewe umefika, imekwisha ladha?"

"Ndiyo, bwana."

Selemani akadakia kutoka motoni, "Na kigogota analia kushoto, bwana. Kila siku."

Nyapara akainuka, akatazama upande wa bonde. Angetembea mwendo mfupi tu angekuta kila kitu kimeandikwa kwenye tope, na mtu wa Kivinje si mjinga. Mbung'o akamuuma shingoni. Akajipiga kofi shingoni, akatazama kanzu yake, akatazama zile nyasi za kiunoni na vumbi lake na miba, akakaa tena. Akasema wageni watapelekwa pori jingine, na mtu mwingine, mwenye macho. Kisha akasema taratibu, bila hata kukasirika, na hilo ndilo lililoniuma: "Wewe kesho rudi kwenye pamba."

Amekwisha kwenda. Selemani amekwenda kuchota maji, na anakawia makusudi ili niwe peke yangu.

Sijisifu. Watu hawa si wangu, na nchi hii si yangu. Mambo ya maji yao siyajui, na "mengine" ya yule kijana sitaki kuyajua. Nina hasira na Selemani, nina hasira na mama wa Nyangamara na mahindi yake. Nina hasira na mdomo wangu zaidi ya wote, maana mara ya kwanza ulisema sana ukanileta huku, na leo ulipotakiwa kusema neno moja la kunirudisha ukazungumza habari za chumvi.

Wageni watapata pembe zao kwingine. Msafara utaondoka. Mtu mwingine atatua mzigo Tabora na kuomba maji ya kunywa kwenye nyumba yoyote, hata kwetu.

Kuna jambo ambalo limenikaa tangu asubuhi. Mimi naujua unyayo wa palahala dume na wa jike, wa kulungu, wa ngiri, wa chui aliyeshiba na chui mwenye njaa. Sasa naujua na unyayo wa mtoto wa watu wa Nyangamara, nikiuona popote nitasema ni yeye. Wa mwanangu siujui. Nilimwacha miguu yake haijakanyaga chini. Sasa lazima anatembea, na pengine mama yake naye kuna njia anapita naye asubuhi na mapema, kukwepa barabara.

Mtu atainama aikute miguu yao. Je, na yeye atanyamaza?